Kibuyu cha Mayai ya Kware

Mafundi waliokuja kubomoa jiko la zamani la bibi yangu kule Chapwa, jirani na Tunduma, walidhani nalia kwa sababu ya vumbi. Mmoja wao, kijana mwenye moyo mzuri, akanitafutia kiti cha plastiki na kuniambia nikae upande ule upepo unakotokea. Nikakaa. Sikumwambia kwamba si vumbi, ni ile boriti aliyoishusha na kuilaza karibu na miguu yangu, nyeusi tii, inang'aa kwa masizi ya miaka mingi, na bado ina vile vigingi vitatu vilivyokuwa vinaning'inizwa vibuyu vya mbegu. Niliinama nikainusa. Wenzangu mliokulia kwenye majiko ya kuni mnaijua harufu ile ya moshi wa kale uliochanganyika na maharage makavu na karanga. Wanangu wakiinusa watasema inanuka. Mimi ilinirudisha kwenye miaka tisa.

Nilipelekwa kwa bibi kwa sababu mama alikuwa na kibanda cha vitenge karibu na mpaka. Biashara ya mpakani ilikuwa imefunguliwa, kila mtu Tunduma anauza kitu au anavusha kitu, na mama hakuwa na muda wa mtoto anayeuliza maswali mteja akiwa amesimama. Nilikwenda na sanduku dogo, viatu vya Jumapili, na adabu. Adabu ndiyo ilikuwa nzito kuliko sanduku. Mama yangu alikuwa na dini mbili, ya kanisani na ya kusema asante. Ukipewa maji, asante. Ukipishwa njiani, asante. Ukisahau, sikio lako linavutwa taratibu mbele ya wageni, naye anaendelea kutabasamu. Kufikia darasa la tatu nilikuwa nashukuru hata nikikanyagwa.

Chapwa ya wakati ule haikuwa mji na haikuwa kijiji. Ukisimama shambani kwa bibi ungesikia honi za malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka, na ukigeuka upande wa pili ungeona mashamba tu mpaka macho yachoke. Kila mwaka mabati mapya yalisogea hatua chache kuja kwetu. Bibi aliyatazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye bado hajasema atakaa siku ngapi.

Shamba lenyewe lilinitia aibu. Shuleni tulikuwa na shamba la mfano ambalo mahindi yake yamepangwa kwa kamba, na mwalimu alikuwa akituchapa tukikanyaga mstari. Kwa bibi hapakuwa na mstari. Mahindi yalisimama huku na huku, maharage yakiwa yameyapanda mpaka shingoni, maboga yakitambaa chini, kunde pembeni, ulezi sehemu ya juu, mtama ukingoni, njugu mawe na karanga penye kichanga, viazi vitamu kwenye matuta, na mchicha uliojiotea wenyewe popote ulipopenda. Wanafunzi wenzangu walipopita nilisema ni shamba la jirani. Mama alipokuja kunitembelea nikamweleza kwamba bibi hapandi, anamwaga.

Baba mdogo Jailosi, mdogo wake baba, alikuwa upande wangu. Alikuwa anavusha mahindi na maharage kwenda Zambia, anaongea Kibemba cha sokoni, na kila sentensi ya tatu lazima aseme mukwai, neno lao la heshima, hata akiongea na mbuzi.

"Mama, Wazambia wanataka maharage ya njano," alimwambia bibi. "Rangi moja. Ukiwachanganyia hawanunui."

"Wanayataka lini?"

"Juni, Julai, ukishavuna."

"Sasa Januari nitawapikia nini ninyi?"

Baba mdogo akacheka, maana Januari yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuinua sahani.

Ukweli ni kwamba bibi alipanda maharage ya njano pia. Alipanda kila kitu. Lakini katika vile vibuyu vitatu vya juu ya moto, kile cha katikati kilikuwa na maharage madogo ya kijivu yenye madoadoa meusi. Kwa Kinamwanga yana jina lake, ambalo bibi alilitamka kama anamwita mtoto. Sisi watoto tuliyaita mayai ya kware. Sokoni hakuna aliyeyataka, kwa kuwa ni madogo na yakipikwa mchuzi unakuwa mweusi. Ila yalikuwa na tabia moja. Ukiyafukia kwenye mvua ya kwanza kabisa, yanakomaa wakati ambapo mahindi ya watu wengine hata hayajatoa mbelewele, ghala limebaki na vumbi, na akina mama wanaanza kupika uji mwepesi. Mwezi ule nyumba nzima iliishi kwa kile kibuyu cha katikati, kwanza kwa majani yake, halafu maganda mabichi, halafu punje. Nilikula nikashiba, na bado sikuelewa kwamba nashiba kwa sababu ya ule mchanganyiko nilioukana mbele ya wenzangu.

Sasa nije kwa Mama Sekela. Alikuwa jirani yetu wa karibu, Mndali kutoka milima ya Ileje, aliolewa Chapwa na mumewe akafariki mapema. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kuongea Kiswahili chenye mawimbi ya Kindali, na alikuwa na tabia iliyonishtua. Alikuwa akiingia jikoni kwetu mvua zikikaribia, anatungua kibuyu, anachota konzi ya mbegu, anafunga kwenye ncha ya kanga, na kuondoka. Hashukuru. Hata hageuki. Na bibi, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, anaendelea kukoroga chungu kana kwamba hajaona.

Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili nikaanza kumchunguza. Akipewa chumvi alishukuru. Akipewa moto alishukuru kwa mikono miwili. Mbegu tu ndizo alizozichukua kimyakimya kama kuku. Niliwaza sana kwa akili yangu ya miaka tisa, na nikafikia hukumu: Mama Sekela ni mwizi wa wazi, na bibi anamwogopa. Pengine ana dawa za huko kwao milimani. Nilimpenda bibi yangu kupita kiasi, na nikaamua nitamkomboa.

Nafasi ilipatikana Novemba, siku mawingu yalipokuwa yamejaa na bibi amekwenda mashine ya kusaga. Mama Sekela aliingia akanikuta napepeta ulezi. Alinisalimia, akatungua kibuyu cha katikati, akachota.

"Bibi amesema usije tena kuchota mbegu zetu," nikasema. "Amesema unazimaliza."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Alizirudisha zile mbegu kibuyuni taratibu, punje iliyobaki kiganjani akaiokota kwa kidole na kuirudisha pia. Akakiziba kibuyu kwa gunzi lake na kukiangika.

"Haya, mwanangu. Umsalimie bibi."

Sikumfikishia bibi salamu, wala sikumwambia nilichofanya. Shule ya Jumapili walitufundisha kwamba mtu mwema hajitangazi, na mimi nilijiona mwema wa kupigiwa mfano. Nililala siku ile nikiwa na furaha tele.

Furaha yenyewe haikudumu. Mama Sekela hakuja tena jikoni. Alianza kupita njia ya juu akienda kisimani, ingawa ile ya chini ndiyo ya karibu. Bibi alisimama mlangoni akimtazama anavyozunguka.

"Huyu mwenzangu nimemkosea nini?" aliniuliza jioni moja, kama mtu anayejisemea. Nilikuwa na kiazi kinywani na nikamshukuru Mungu kwa hicho kiazi.

Januari ile tulikula mayai ya kware kama kawaida. Kutoka kwa Mama Sekela moshi ulikuwa unatoka mara moja kwa siku. Niliuona, na sikujumlisha mbili na mbili, au pengine nilijumlisha nikafunika jibu. Baada ya mavuno, ndugu wa mumewe waliuza kile kipande cha ardhi kwa mtu aliyetaka kujenga ghala la mahindi. Mama Sekela alirudi kwao Itumba na wanawe. Hakuja kuaga. Bibi alisikia habari hiyo kwa watu, akiwa kwenye foleni ya mashine, na siku hiyo hakula.

Kiangazi hicho hicho baba mdogo alipata faida nzuri mpakani na akaamua kumpumzisha mama yake na moshi. Alimjengea jiko jipya la tofali na bati, akanunua jiko la mkaa na gunia zima la mkaa, akaliezua la zamani nyasi zote. Nasema hili kwa haki kabisa, alifanya kwa upendo. Bibi alikuwa anakohoa kila asubuhi na macho yake yalikuwa mekundu muda wote. Kikohozi kiliisha. Vibuyu vikahamishiwa kwenye rafu nzuri iliyopakwa rangi ya bluu, na watu wakaja kuiangalia.

Mvua zilipoanza kunukia, bibi alitungua kibuyu cha katikati, akamimina mbegu kwenye ungo. Zilitoka pamoja na unga. Kila punje ilikuwa na tundu, nyingine matundu mawili, na vidudu vidogo vilikuwa vinatembea kwenye ungo bila haraka. Muda wote ule moshi ndio uliokuwa mlinzi, na sisi tulimfukuza. Alifungua cha pili na cha tatu. Yale ya njano hayakutuumiza sana, maana yalijaa Chapwa nzima. Lakini mayai ya kware hayakuwa kwa mtu mwingine yeyote. Majirani walikuwa wameshahamia mahindi matupu na maharage ya soko.

Nilitegemea bibi alie. Hakulia. Alikung'uta ungo akasema, "Si neno. Mbegu yangu iko kwa Mama Sekela. Hata kama amenuna, mbegu haijanuna."

Hapo ndipo dunia iliponiangukia. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye lile jiko la zamani lisilo na paa, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Bibi alinifuata, akadhani nimeumwa na nge. Nikamwambia yote: konzi, uongo, gunzi la kuzibia kibuyu, mpaka zile salamu ambazo sikufikisha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo na ningeipokea kwa shukrani.

"Ulimwona anachukua bila kushukuru," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Mbegu ukiishukuria haioti. Hukuambiwa na mama yako?"

Sikuwa nimeambiwa. Mama yangu alikuwa amehamia mjini na sehemu moja tu ya adabu.

"Ukisema asante umefunga mambo," bibi aliendelea. "Nimekupa, umeshukuru, tumeachana. Mbegu tunaiacha wazi. Yeye anachota kwangu, akivuna anarudisha konzi kwenye kibuyu, wala sisemi kitu. Mwaka nikikosa mimi, naingia jikoni kwake kama kwangu. Unafikiri mbegu ya mama yangu ingefika mpaka leo kwa kukaa kwenye kibuyu kimoja?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tena mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa amekosa. Ya kwake waliyala yote, mtoto alikuwa mgonjwa. Nilijua atakuja. Nilikuwa namsubiri, nikadhani amechota siku ile niko mashineni."

Nikaukumbuka moshi uliokuwa unatoka mara moja kwa siku. Kati ya yote niliyowahi kufanya, na nimefanya mengi, hilo bado linanikaba.

Kesho yake bibi alivaa kitenge kizuri, akanishika mkono. Tulikwenda mpaka njia panda ya Mpemba, tukapata gari la mizigo linalopandisha Ileje, tukateremka Itumba na kupanda mlima kwa miguu. Njia nzima hakunikaripia. Alisema jambo moja tu, kwamba maneno niliyoyapeleka mimi nitayarudisha mimi, yeye hatanisaidia.

Mama Sekela alikuwa kwa mama yake, nyumba ya udongo iliyozungukwa na migomba, na mbele yake shamba lililochanganyika kuliko hata la bibi. Alipotuona alisimama na jembe lake. Akamwamkia bibi kwa heshima kamili, akatuwekea mkeka, akaleta maji. Bibi alitazama milima.

"Shikamoo mama," nikaanza. "Bibi hakusema. Nilisema mimi. Nilidhani unaiba, kwa sababu hushukuru."

Nakumbuka kuku wakichakura pembeni. Nakumbuka pia kwamba nilishindwa kuinua uso.

"Haka kabinti," Mama Sekela alisema polepole. "Mwaka mzima mimi nasema, dada amenichoka. Nimekuwa mzigo kwake kwa sababu ya ujane."

"Na mimi nasema ameondoka hata hakuniaga," bibi akajibu. "Mimi niliyempokea Sekela akizaliwa kwa mikono hii."

Hawakukumbatiana, hawakulia. Mama Sekela aliniita nimsaidie kuwasha moto, na nilipokuwa napuliza kuni akanifuta kamasi kwa kiganja chake chenye udongo. Tulikula ugali wa ulezi na majani makavu ya maharage yaliyotiwa karanga. Bibi alitafuna mara mbili akasimamisha mkono.

"Haya majani si yale?"

"Ndiyo yale. Kabla ya kukosa nilikuwa nimemletea mama konzi moja huku. Tumeyakuta yamejaa mpaka ukutani."

Bibi aliendelea kula kwa kasi, bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kimya cha namna ile.

Muda wa kuondoka ulipofika, Mama Sekela alitungua kibuyu kilichokuwa juu ya moto, akamimina mbegu kwenye kitambaa, akafunga fundo na kuniwekea mkononi. Lilikuwa zito na lina joto la jikoni. Nilijaa furaha, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, na mdomo wangu ukafunguka kabla sijaukamata.

"Asante sana, mama."

Bibi alijifunika uso wote kwa kanga. Mama Sekela alinitazama, akalichukua lile fundo mkononi mwangu, akalifungua, na kuzimimina mbegu zote kibuyuni. Nikajua nimeharibu tena, na safari hii mbele ya wote wawili. Mabega ya bibi yalikuwa yanatikisika. Ilinichukua muda kugundua kwamba anacheka mpaka pumzi inamwishia.

Mama Sekela yeye hakucheka. Alikiangika kibuyu, safari hii kwenye kigingi cha chini, ninachokifikia.

"Mimi nakwenda kuangalia mbuzi," alisema. "Mlango huu hauna kufuli."

Akatoka. Bibi naye akatoka. Nilibaki peke yangu jikoni kwa watu, nikatungua kibuyu nikachota konzi, halafu nikaangalia mlangoni, nikachota ya pili. Nikafunga kwenye ncha ya gauni. Nilipita mbele ya Mama Sekela aliyekuwa amesimama na mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote, na nikashuka mlima bila kugeuka. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka.

Zile mbegu ziliota zote. Baba mdogo aliezeka upya jiko la zamani kwa nyasi, huku ananung'unika kwamba tofali zake zimedharauliwa. Bibi akawa anachemsha chai kwenye mkaa na kupika maharage kwenye moshi, na kikohozi kikarudi nusu. Mavuno yalipokwisha tulipanda tena Itumba. Nilimimina konzi tatu kwenye kibuyu cha Mama Sekela wakati yeye anaangalia upande mwingine.

Shamba lile sasa ni nyumba za watu. Lilikwenda kipande kwa kipande, na sina wa kumlaumu, hata mimi nimejenga hapo. Bibi alipofariki nilikuwa nimeajiriwa, nina kalamu mfukoni na sijashika jembe kwa miaka mingi, na kile kibuyu cha katikati kilikuwa kitupu kwa sababu ya yeye kuumwa na mimi kutojali. Mama Sekela alikuja msibani kutoka Itumba, ameinama, anatembelea fimbo. Watu walikuwa wamejaa, kila anayefika anapewa mkono na kushukuriwa kwa kuja. Alinivuta nyuma ya nyumba, penye lile jiko. Akafungua ncha ya kanga yake, akachukua kiganja changu na kukijaza. Mayai ya kware, yananuka moshi.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba sikusahau moshi wa mara moja kwa siku. Kwamba alinifuta kamasi mimi niliyemnyima chakula. Nilikifunga kiganja, nikageuka, nikatembea kuelekea kwa waombolezaji, na nyuma yangu nikasikia fimbo yake ikigonga ardhi inaondoka. Hatukuonana tena. Naye sasa amezikwa kwenye milima ya kwao.

Leo mafundi wamemaliza kubomoa. Boriti nimewaambia waniwekee kwenye jiko la nje ninalojenga, pamoja na vigingi vyake. Kati ya msingi na ukuta nimebakiwa na kipande cha udongo kisichozidi vitanda viwili, na humo kila mwaka napanda mayai ya kware. Mpangaji wangu, msichana aliyetoka Momba, amekuwa akichota kwenye kopo langu la mbegu tangu mvua zianze kunukia, na hasemi kitu. Amelelewa vizuri.

Mimi bado ni mtoto wa mama yangu, na ile asante imenikaa kooni miaka yote hii. Sikuweza kuisema jikoni Itumba wala nyuma ya nyumba siku ya msiba. Nimeitafutia mahali ambapo hakuna kitakachogoma kuota, na ninaona karatasi inafaa. Asante, Mama Sekela.